Tupeane uzoefu: kumsaidia kijana bila kumwaibisha

Mlezi wa Vijana
Shalom wapendwa. Uzi huu ni wa wanaotumika na vijana kanisani: walezi, wahazina, wapishi wa kambi, wapanga viti. Mafundisho ya utoaji tunayo ya kutosha, kinachopungua ni namna ya kufanya. Kijana hana nauli ya kuja, hana ada ya kambi, kwao kuna msiba. Nani anafanya nini, fedha inatoka wapi, na wapi huwa panaharibika? Leteni mambo yenyewe.

Kinara wa Kambi
Umetaja ada ya kambi, umegusa penyewe. Mahali pabaya kuliko pote katika huduma ya vijana ni meza ya kuandikisha. Foleni ndefu, karani ana daftari lenye safu mbili, "amelipa" na "anadaiwa". Kijana anafika mezani, muziki unapigwa, karani anapaza sauti ili asikike: "Wewe ndiye wa kufadhiliwa?" Wote walio nyuma wamesikia. Mmemlipia kitanda, chakula na basi, na kambi yake imekwisha hata begi hajalishusha. Atakaa viti vya nyuma, hatajitokeza kwenye michezo, mwakani hatajiandikisha, na watu watasema amepoa kiroho.

Tatizo hilo huondolewa wiki sita kabla, kwenye karatasi. Fomu iwe moja kwa wote, na ngazi tatu za ada: kamili, nusu, na ya ziada kwa mzazi anayetaka kubeba mtoto wa mwenzake. Chini yake mstari mmoja: "Kama hakuna ngazi inayokufaa, andika unachoweza, hata sifuri." Msiulize sababu. Orodha inayokwenda mezani ibebe jina, kundi na namba ya kitanda, basi. Safu ya fedha ibaki kwa mhazina na isitoke kwake.

Hesabu: tafuteni gharama halisi ya kichwa kimoja, wekeni asilimia 10 juu yake, hiyo ndiyo ada kamili. Nusu ada ni nusu ya gharama halisi. Katika vijana 40, 30 wakilipa kamili, nyongeza yao inabeba gharama ya vijana watatu, maana yake inafidia vijana sita wanaolipa nusu. Waliobaki wanabebwa na ngazi ya ziada na mfuko wa kanisa. Mkijua hivyo mapema hamtakimbizana na wazee wa kanisa siku ya safari.

Halafu kuna ada ya pili ambayo haionekani: orodha ya vitu vya kuja navyo. Blanketi, tochi, raba za michezo, sabuni, daftari. Kijana aliyesamehewa ada anaweza kubaki nyumbani kwa sababu ya tochi. Punguzeni orodha mpaka ibaki ya lazima, na sanduku la akiba liwe bwenini, wazi, kila mtu achukue bila kuandikwa.

Dada wa Zamu
Amina kwa orodha ya vitu. Hapo ndipo wengi hukwama na hawasemi.

Mpishi
Nyongeza ya chooni. Taulo za kike ziwekwe ndani ya kila choo cha wasichana, pamoja na mifuko ya kutupia na pipa lenye mfuniko. Zisiwekwe ofisini kwa mlezi. Binti hataenda kuomba kwa mtu, hasa mtu huyo akiwa mwanaume. Mtu mmoja apite kila siku kukagua kama zimepungua.

Na chakula kinachobaki: kifungeni kabla watu hawajatawanyika, kila anayetoka apewe kifurushi kama anataka. Mkiwaita pembeni wale mnaowajua wana shida, watakaokuja ni wachache na walio na njaa zaidi hawatakuwemo.

Mhazina
Naingia kwenye fedha. Mfuko wa msaada uwe mbali na mfuko wa shughuli, akaunti tofauti au angalau daftari tofauti. Ukichanganya, spika zitakula fedha ya msaada, kwa sababu spika ikiharibika watu wote wanasikia, na kijana anayelala njaa hasikiki.

Sadaka ya mfuko ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu wala mume na mke, palepale, wote wawili wasaini, iende benki siku ya kazi inayofuata. Watoa maamuzi wawe watatu, mmoja asikose kuwa mwanamke. Wekeni viwango: jambo dogo la haraka kama nauli, mlo au dawa, mmoja wao anatoa na kuwaarifu wenzake siku hiyohiyo, la kati, wawili, kubwa, wote watatu. Mwenye undugu na anayesaidiwa akae pembeni.

Kwenye daftari andikeni tarehe, namba ya siri badala ya jina, kiasi, sababu, risiti. Karatasi inayounganisha namba na majina ifungiwe, asome mmoja. Kanisa lipewe taarifa ya kilichoingia, kilichotoka na idadi ya kaya. Majina hapana. Na inapowezekana lipeni moja kwa moja: shuleni, hospitalini, kwa mwenye nyumba.

Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu hakuubeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8 anataja wazi kwamba makanisa yalichagua mtu wa kusafiri nao, ili mtu asije akawalaumu. Mtume mzima. Kwa hiyo kiongozi wa vijana akisema "niaminini tu", mjibuni kwa upendo kwamba utaratibu unamlinda na yeye.

Linaloharibu mara nyingi ni kumaliza mfuko mapema. Wa kwanza kuomba wanapata, anayekuja miezi ya mwisho anakuta maombi tu. Tengeni robo ya mfuko kwa dharura, iliyobaki gawanyeni kwa miezi 12.

Kaka wa Vyombo
Mhazina nakuheshimu, lakini hapo pa kulipa moja kwa moja sikubali kabisa. Unapomlipia mtu kodi kwa mwenye nyumba, umemtangaza kwa mwenye nyumba. Pia umemwambia humwamini na fedha mkononi.

Mhazina
Kaka, fedha taslimu kwa kijana wa miaka 16 haifiki dukani. Nyumbani kuna deni, kuna mdogo wake mgonjwa, kuna mjomba. Si kwamba ni mwizi. Hana nguvu ya kuwakatalia wakubwa.

Kaka wa Vyombo
Basi huyo mlipie. Lakini mtu mzima anayejitegemea mpe mkononi. Hamwezi kuweka sheria moja kwa wote.

Mhazina
Kwa mtu mzima nakubali, mradi asaini kupokea. Na kodi ilipwe kwa jina la mpangaji, si kwa jina la kanisa. Hapo hakuna tangazo.

Mwalimu wa Jumapili
Tuwape mkopo. Kijana akirudisha kidogo kidogo anajiona mtu.

Dada wa Zamu
Mwalimu, hapana! Akishindwa kurudisha ataanza kukwepa ibada. Mtapoteza fedha na mtampoteza yeye. Luka 6:35 inasema tukopeshe bila kutumaini kulipwa. Kama mna moyo huo toeni tangu mwanzo, na mwambieni asidhani anadaiwa.

Mwalimu wa Jumapili
Nazungumzia mtaji, sitaji nauli. Cherehani ni tofauti na mlo.

Kinara wa Kambi
Mtaji usitoke kwenye mfuko wa msaada. Fungueni mfuko wake, wenye watu wake. Mkiuweka pamoja, anayekusanya marejesho ndiye anayewaombea vijana, na watamwona kama mdai hata akishika Biblia.

Mwalimu wa Jumapili
Sawa, hapo nimekuelewa. Ila someni tena Ruthu 2. Boazi, mwenye shamba, hakumkabidhi Ruthu, mjane maskini, gunia. Aliwaagiza vijana wake waangushe masuke makusudi, wayaache, wasimkemee. Ruthu aliokota mwenyewe mpaka jioni, akaenda nyumbani na kazi ya mikono yake. Aliyepanga ni Boazi, na Ruthu hakuaibishwa. Kijana anayekosa ada mpeni kazi ya kweli kwenye maandalizi, na vijana wengine wenye ada wafanye kazi hiyohiyo pamoja naye.

Dada wa Zamu
Hilo la mwisho ndilo la muhimu. Wakifanya wasio na ada peke yao, mmerudi kwenye meza ya Kinara.

Mshauri
Samahani nawatoa kwenye fedha, kuna msaada usiongoja kikao. Saa tano usiku kiongozi anapokea ujumbe wa binti wa kundi lake: "Asante kwa yote. Msinitafute." Kiongozi mwenye moyo wa kutumika anavaa viatu na kutoka peke yake. Moyo huo Mungu auongeze, lakini kwenda peke yake hapana.

Mpigie, usijibu kwa ujumbe. Muulize kwa maneno ya wazi: "Unafikiria kujiua?" Watu huogopa swali hili wakidhani linampandikizia wazo. Halimpandikizii, mara nyingi linampa nafasi ya kusema alichokifungia. Muulize yuko wapi, yuko na nani, kama amepanga namna, kama kitu chenyewe kiko karibu. Akisema anafikiria kujiua, usikate simu. Mtu wa pili apige namba ya dharura ya eneo lenu na amwite mzazi au mlezi. Kama anayemdhuru yuko ndani ya nyumba hiyo, msimwite huyo. Waiteni wanaohusika na ulinzi wa watoto. Asiachwe peke yake mpaka afike mtu wa kumlinda, na vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe.

Usimwahidi siri. Mwambie: "Sitamwambia asiyehusika, ila nitamwambia anayeweza kukulinda." Mkienda, nendeni wawili, mmoja awe mwanamke. Msimpakie kwenye gari akiwa na mtu mzima mmoja, na kiongozi asimchukue kulala kwake. Usiku huohuo andikeni saa, maneno yake yenyewe, na nani alipigiwa. Ombeni naye, ndiyo, na mpelekeni kwa mtaalamu. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kisha kuna kesho yake, siku ya tatu, wiki ya pili. Watu hujaa siku ya kwanza, baadaye simu inanyamaza. Gawaneni siku hizo kwa majina.

Mpishi
Jamani. Nimeisoma mara mbili. Kila kiongozi aibandike ukutani.

Kaka wa Vyombo
Mshauri, unasema asilale kwa kiongozi. Kama amefukuzwa kwao usiku huo, alale wapi?

Mshauri
Swali zuri, na jibu lake haliwezi kutafutwa saa sita usiku. Huduma iwe na familia mbili au tatu zilizokaguliwa mapema: zimehojiwa, nyumba imeonekana, kuna chumba chenye mlango unaofungika, kuna watu wazima wawili. Mlezi halali au mamlaka inayohusika ijulishwe usiku huohuo kwamba kijana yuko hapo, kwa maandishi. Ni makao ya siku chache tu. Yakizidi, kesi iko mikononi mwa wenye dhamana ya kisheria.

Mwalimu wa Jumapili
Na akiomba usimwambie hata mchungaji?

Mshauri
Anaambiwa aliyeteuliwa kushughulikia ulinzi wa vijana. Kama ni mchungaji, ni mchungaji. Kundi la maombi la kwenye simu haliambiwi kitu, hata kwa "tumwombee dada mmoja". Watu humtambua kwa dakika mbili.

Mlezi wa Vijana
Asante Mshauri. Nilitaka pia tuwaguse wanaotumika wenyewe, kabla uzi haujawa mrefu.

Dada wa Zamu
Nilikuwa nasubiri hapo. Mtumishi anayetoa nauli za vijana mfukoni mwake huitwa mkarimu mpaka siku anapoacha bila kuaga. Fedha yake irudishwe. Karatasi moja: tarehe, nilicholipa, kiasi, risiti, arudishiwe ndani ya siku saba. Asiyetaka kurudishiwa aandike hivyo kwa hiari yake, ili bajeti ijue gharama halisi. Gharama ikijificha kwenye mifuko ya watu wema, kanisa litadhani huduma ya vijana haina gharama, na mwakani litatenga sifuri.

Zamu zipangwe miezi mitatu mbele. Mtu asizidi Jumapili mbili kwa mwezi, na mwezi mmoja kati ya mitatu apumzike kabisa, akae ibadani kama mshirika. Kila kazi iwe na wawili, mwenye kazi na anayejifunza. Mkikuta kazi inayojulikana na mtu mmoja tu, huyo mtu karibu anachoka.

Kaka wa Vyombo
Nusu utani: aliyehubiri kuhusu kuosha miguu apewe zamu ya kuosha vyoo wiki hiyohiyo. Nusu nyingine ni kweli kabisa. Katika Yohana 13 aliyeshika beseni ni Mwalimu. Viongozi waanze na choo na masufuria, vijana watafuata bila kutangaziwa.

Mwalimu wa Jumapili
Hapo tunakubaliana wote, leo.

Mpishi
Kwenye msiba: mtu mmoja wa kuratibu chakula, aulize idadi ya watu, nani hawezi kula nini, na saa gani. Vyombo viwe visivyohitaji kurudishwa, mfiwa asibaki akitafuta wenye masufuria. Msipeleke yote siku ya mazishi. Wiki ya pili na ya tatu ndizo nyumba inabaki kimya. Vijana wanaokwenda wapewe kazi: kuteka maji, kufua, kukaa na watoto. Wakikaa tu sebuleni, mfiwa atainuka kuwahudumia.

Kinara wa Kambi
Na ushuhuda? Aliyesaidiwa asimame mbele ashukuru?

Dada wa Zamu
Kamwe.

Mwalimu wa Jumapili
Akiomba mwenyewe, kwa nini azuiwe? Kushukuru ni ibada.

Mhazina
Akiomba mwenyewe, baada ya miezi kadhaa, na msaada ukiwa umekwisha. Kama bado anasubiri malipo ya muhula unaofuata, hana uhuru wa kukataa. Picha hapana, hata akikubali, kama hajafikisha umri wa kujiamulia kisheria.

Mlezi wa Vijana
Swali la mwisho kwa Mhazina: akihama anayetunza ile karatasi ya namba na majina, inakuwaje?

Mhazina
Makabidhiano yafanyike mbele ya mtu wa tatu. Wanaoendelea kusaidiwa wahamishiwe kwenye karatasi mpya kwa namba mpya. Ya zamani itiwe kwenye bahasha, ifungwe, isainiwe juu ya gundi na wote watatu, iwekwe kwenye kabati la kanisa kwa muda ambao mkaguzi anauhitaji, kisha iharibiwe na tarehe iandikwe. Na kufuli libadilishwe siku hiyohiyo.