Karakana ya baiskeli Jumamosi: gumzo la majirani, Iringa mjini

*Mjumbe:* Kamwene majirani. Jumamosi karakana inafunguliwa saa tatu asubuhi pale banda la nyuma ya ofisi ya mtaa. Spana zipo, pampu ipo, solusheni na viraka vipo. Hela hatuchukui

*Mama Neema:* Kamwene mjumbe. Ya Neema imelala tangu shule zifungue, tairi la nyuma halikai na upepo na cheni inaruka, naileta asubuhi naiacha naifuata jioni, naomba mnisaidie jamani

*Kaka Deo:* Shikamoo mama Neema. Usiiache mama, mlete na Neema mwenyewe. Pale mwenye baiskeli ndo anashika spana, sisi wa kujitolea tunasimama pembeni tunaelekeza, maana tukimtengenezea leo mwezi ujao atakwama njiani na hajui aanzie wapi

*Mama Neema:* Marahaba baba. Ila ana miaka 13 huyo ataweza kweli?

*Kaka Deo:* Anaweza vizuri tu. Unatoa tyubu unaijaza upepo unaizamisha kwenye beseni, inapotoka povu ndo penye tundu, unakausha unakwangua na msasa unapaka solusheni halafu UNASUBIRI. Wengi wanaharibu hapa, wanabandika solusheni ikiwa mbichi kesho yake kiraka kimetoka. Subiri mpaka isiwe inang'aa, dakika 5 hivi, ndo ubandike ukandamize. Na kabla hujarudisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kikinasa kuna mwiba, ukiuacha umefanya kazi bure

*Baba Tuma:* Na cheni kuruka je, si inakazwa tu?

*Kaka Deo:* Tunaipima kwanza na rula baba Tuma. Viungo 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili, pini mpaka pini. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi imechoka, na ukiendelea nayo inakula meno ya friwili utanunua vyote viwili

*Fundi wa Kona:* Kamwene wote. Mimi niseme linalonikaa rohoni. Hii karakana ni nzuri lakini pancha ndo zinanilipia kodi ya kibanda, sasa mtaa mzima ukijifunza kuziba mimi nakula wapi? Mngeniita mapema tukaongea

*Mjumbe:* Fundi una haki kabisa, tulipaswa kuanza na wewe

*Kaka Deo:* Shikamoo fundi. Naomba nikujibu kwa heshima zote. Wanaokuja kwetu wengi ni watoto na kina mama ambao baiskeli zimelala ndani kwa kukosa hela ya pancha, hao hata kwako hawafiki. Baiskeli ikirudi barabarani ndo inaanza kula tairi, gololi, spoku, na kunyoosha ringi au kuchomelea fremu sisi hatugusi kabisa, hizo zinakuja kwako. Tunakuomba uje uwe mwalimu wetu hata saa moja tu

*Mwalimu wa Sayansi:* Naunga mkono. Nilipokuwa nasoma Ujerumani pale chuoni wanafunzi walikuwa na karakana yao ya kujitolea ya hivihivi, na mafundi wa mjini waliendelea na kazi zao kama kawaida, kila mtu na yake

*Fundi wa Kona:* Marahaba Deo. Nimekuelewa. Nakuja, ila kwa sharti moja, asifundishwe mtu kitu chochote kabla ya breki. Huu mteremko wa kushuka Ipogolo hauna mchezo na malori yako pale chini. Naona watoto wanashuka na mipira ya breki imeisha chuma kinakwangua ringi. Na hizi ringi za chuma zikilowa mvua breki karibu hazishiki, unatakiwa uanze kubana mapema polepole ringi ijifute maji ndo ishike, ukingoja mpaka uko karibu umechelewa. Mpira uguse ringi usiguse tairi, ukigusa tairi linakatika

*Mama Neema:* Fundi asante sana, hilo la mvua ndo linanikosesha usingizi mimi

*Kaka Deo:* Sharti limepita fundi. Baiskeli ikiingia bandani inakaguliwa breki kwanza ndo mambo mengine

*Baba Tuma:* Yangu pedeli ya kushoto imegoma kufunguka nimeikaza nguvu zote

*Fundi wa Kona:* Acha kuikaza! Ya kushoto inafunguka kinyume, unazungusha kwa kufuata saa. Lete Jumamosi na spana namba 15, tutatia oili kidogo ingoje

*Mjumbe:* Sawa basi. Msasa umebaki kipande kimoja tu, nani anao?

*Baba Tuma:* Ninao dukani, nakuja nao

*Mama Neema:* Na beseni naleta mimi. Neema nae anakuja, ameshasoma meseji zote hizi anauliza kama anaruhusiwa kuja na mwenzake wa darasani

*Kaka Deo:* Waje wote mama, hata wasio na baiskeli