Zile fainali za WCT za Dallas zilipotelea wapi?

Raketi_ya_Mbao:
Wakuu habari za muda huu. Wajuzi wa tenisi ya zamani naomba darasa. Siku hizi nimezama kwenye mechi za enzi za akina Borg na McEnroe na kuna mashindano yanajirudia rudia, fainali za WCT (World Championship Tennis) zilizokuwa zinapigwa Dallas, Texas, ndani ya ukumbi. McEnroe kabeba mara 5 na kila nikisoma habari zake zinatajwa pembeni kabisa ya Wimbledon na US Open. Sasa ukifungua kalenda ya leo hakuna kitu kama hicho. Yalianzaje, yalikuwa makubwa kweli au ni sifa za Wamarekani tu, na nani aliyaua? Maana mashindano yenye hela zile hayafi hivi hivi.

Babu_Kapeti:
Mkuu yalikuwa makubwa, na ukiniuliza mimi nitakwambia mwanzoni mwa miaka ya 70 hakukuwa na taji gumu kulipata kuliko lile, hata la Wimbledon.

Iko hivi, kabla ya 1968 Wimbledon na wenzake walikuwa wanapokea wachezaji wa ridhaa tu, ukionekana unachukua hela waziwazi hurudi, kwa hiyo wengi walikuwa wanapewa chao chini ya meza. 1967 jamaa wa New Orleans anaitwa Dave Dixon akaungana na Lamar Hunt, mtoto wa tajiri wa mafuta wa Dallas, huyo huyo mwenye timu ya Kansas City Chiefs, wakaanzisha World Championship Tennis na kusaini wachezaji 8: Newcombe, Roche, Drysdale, Taylor, Pilić, Barthès, Buchholz na Ralston. Watanashati Wanane, ndo jina walilopewa. Wakaanza mapema 1968 na nguo za rangi, wazee wa nguo nyeupe wakaona ni matusi. Hela zikapotea, Dixon akajitoa haraka, Hunt na mpwa wake Al Hill Jr. wakabaki na mzigo.

Cha maana kikaja 1971. Wachezaji 32, mashindano 20 sehemu mbalimbali za dunia, unakusanya pointi, wanane wa juu ndo wanaenda kwenye fainali na bingwa anaondoka na dola 50,000. Mwaka uliofuata bingwa wa Wimbledon alilipwa paundi 5,000, piga hesabu mwenyewe.

Na kama unataka kuelewa kwanini watu wanaitaja Dallas kwa heshima tafuta fainali ya 1972. Tarehe 14 Mei, ukumbi wa Moody Coliseum, Ken Rosewall ana miaka 37, Rod Laver ana 33, wote Waaustralia, na nusu mwaka kabla Rosewall alishamfunga Laver kwenye fainali ya kwanza. Wakapigana zaidi ya saa 3 na nusu, seti 5, ikaenda taibreka ya seti ya mwisho, yaani gemu fupi ya kuamua seti, wa kwanza kufika pointi 7. Laver anaongoza 5-4 na servisi 2 ziko mkononi mwake, hapo mtu yeyote anajua imeisha. Rosewall akarudisha ya kwanza kwa bekihendi, pointi. Akarudisha ya pili kwa bekihendi ileile, pointi. Sasa ni 6-5, anasevu yeye, Laver kapiga kwenye neti, mchezo umekwisha! NBC walirusha laivu na watazamaji walikadiriwa kuzidi milioni 20. Laver aliyebeba makombe yote 4 makubwa (Australia, Ufaransa, Wimbledon na US Open) mwaka 1969 hakuwahi kulipata taji la Dallas hata mara moja na hilo linaniuma mpaka leo.

Mshika_Neti:
Babu nakuheshimu sana ila usimfanye Hunt malaika. Ile mikataba ilikuwa inamfunga mchezaji, kampuni ndo inapanga unacheza wapi na lini. Mwaka huo huo wa 1972 unaousifia, WCT na shirikisho la kimataifa walikuwa kwenye ugomvi mkubwa na wachezaji wa mkataba wakafungiwa mashindano ya shirikisho kuanzia Januari mpaka Julai. Newcombe alikuwa bingwa wa Wimbledon 1970 na 1971 na hakuruhusiwa hata kwenda kutetea taji lake. Laver na Rosewall nao wakaikosa. Wakaja kuelewana wagawane mwaka, WCT miezi ya mwanzo, Grand Prix, yaani msururu wa mashindano ya shirikisho, miezi iliyobaki, na Dallas ikabaki na Mei yake.

Ila wachezaji walishajifunza kwamba bila umoja wao watapigwa danadana na mabosi wa pande zote mbili. Septemba 1972 wakaunda ATP, chama chao cha wachezaji, na rais wa kwanza akawa Cliff Drysdale wa Afrika Kusini, mmoja wa wale wanane wa Hunt. 1973 wachezaji 81 wakasusia Wimbledon kumtetea Niki Pilić aliyekuwa amefungiwa, naye ni wale wale wanane. Yaani watu wa Hunt mwenyewe ndo waliosimamisha chama kilichokuja kuifuta Dallas, na mimi sioni kosa lao hapo, mchezaji lazima awe na sauti kwenye kazi yake.

Raketi_ya_Mbao:
Daa hii ya Drysdale na Pilić ni nzito, asante sana kaka. Sasa Arthur Ashe aliwahi kuchukua? Na kwanini hayahesabiwi na yale makubwa manne kama hela na majina vyote vilikuwepo?

Mwana_Servisi:
Ashe alichukua 1975. Alishafika fainali 1973 akafungwa na Stan Smith, kwa hiyo alikuwa na deni na ule ukumbi. 1975 akakutana na Borg, dogo wa miaka 18 tu na tayari ilikuwa fainali yake ya pili Dallas, mwaka uliotangulia alifungwa na Newcombe. Ashe akapoteza seti ya kwanza 3-6 halafu 6-4, 6-4, 6-0. Ile sifuri ya mwisho nataka kila mtu aikumbuke. Miezi miwili mbele Julai akaenda kumfunga Connors fainali ya Wimbledon, mwanaume mweusi wa kwanza kubeba lile kombe, na dunia yote ikajifanya kushtuka wakati Dallas walishaona mtu yuko kwenye kiwango gani. Huyu ndo yule aliyemwona Yannick Noah, aliyekuja kuwa bingwa wa French Open, akiwa mtoto Yaoundé 1971 na kumfungulia njia ya kwenda kulelewa kitenisi Ufaransa, nampenda kwa hilo kuliko makombe yote.

Kuhusu kuhesabiwa, yale manne ni ya vyama vya taifa vya nchi 4 na yana historia ndefu, Dallas ilikuwa ya kampuni ya mtu binafsi, halafu wanaingia watu wachache waliofuzu, kwa hiyo ilinganishe zaidi na fainali za ATP za mwisho wa mwaka.

Babu_Kapeti:
Mshika_Neti upo sahihi kuhusu kifungo cha 1972, ila bila hela za Hunt hao wachezaji wangegombania nini? Hapo sitoki.

Nimalizie swali la nani aliyaua. 1978 WCT wakaingia ndani ya kalenda ya Grand Prix, 1982 wakajitoa wakawa na msimu wao, wakapelekana mahakamani, 1985 wakarudi tena. Kwa kuvutana kote huko Dallas ikaanza kupungua uzito, maana mchezaji akishakuwa na mashindano mengi yanayolipa vizuri hana sababu ya kuhangaikia pointi za kampuni moja. 1988 ATP chini ya Hamilton Jordan wakatangaza kwenye maegesho ya magari nje ya uwanja wa US Open kwamba kuanzia 1990 wataendesha msimu wao wenyewe. Ndo ikawa mwisho wa Grand Prix na WCT kwa pamoja. Fainali ya mwisho ilikuwa 1989, Reunion Arena, McEnroe kamfunga Brad Gilbert. Na ukumbi wenyewe walishaubomoa.

Ukimaliza ya 1972 tafuta ya 1987, Miloslav Mečíř dhidi ya McEnroe. Mečíř hapigi kwa nguvu hata kidogo, anasukuma tu mipira pembeni mpaka McEnroe anachanganyikiwa, na kombe akabeba yeye.