C37.118 au IEC 61850-90-5 kwa vipimo vya PMU: naomba ushauri kabla ya zabuni

Mhandisi_Gridi:
Salaam wanajukwaa. Mwezi ujao tunawasilisha masharti ya zabuni ya vifaa vya PMU vitakavyopima fezori (ukubwa na pembe ya wimbi la umeme) katika vituo vyetu vya kupozea umeme na kupeleka vipimo kituo kikuu cha udhibiti. Nimebaki na itifaki mbili: IEEE C37.118.2 ya mwaka 2011 na IEC 61850-90-5 iliyofuata mwaka 2012. Ipi itatufaa?

Nguzo220:
Ndugu, hujataja idadi ya vituo, fremu (yaani jumbe za vipimo) ngapi kwa sekunde, wala njia ya mawasiliano. Tena, vipimo ni vya kutazamwa tu, au vitaamuru swichi kukata umeme?

Mhandisi_Gridi:
Niwie radhi. Vituo ni 9, fremu 50 kwa sekunde, kwa ajili ya kutazama tu. Saba vina mkongo wa nyuzi za mwanga juu ya nguzo. Viwili vinategemea redio ya maikrowevu.

MzeeSCADA:
Bakini na C37.118, nanyi mtumie UDP, inayotuma bila kusubiri jibu kwamba ujumbe umefika. Fremu yenye fezori 6 za namba za desimali ni baiti 74. Ukiongeza vichwa vya UDP na IP unapata 102, yaani kilobiti 41 hivi kwa sekunde kwa kila kituo, mzigo ambao hata redio yenu itaubeba.

Nasisitiza UDP kwa sababu yaliyonikuta na TCP siwezi kuyasahau. Tulikuwa na kituo kilichounganishwa kwa maikrowevu, na kila mvua kubwa iliponyesha paketi mojamoja zilipotea. TCP haikubali pengo: iliisubiri paketi iliyopotea itumwe upya, huku zilizofika salama zikizuiliwa nyuma yake, na kikusanya data, tulichokiwekea subira ya milisekunde 200, kikazitupa zote kwa kuchelewa. Fremu moja ya milisekunde 20 ikatugharimu makumi. Usiku mmoja laini ya umeme ilikatika, na mchoro wa tofauti ya pembe ukutani ukawa mtupu katika sekunde zile zile tulizozihitaji.

Binti_Relei:
Shikamoo Mzee. Kuhusu UDP nakubaliana nawe, lakini C37.118 haina uthibitisho wa mtumaji wala usimbaji, hivyo aliyeingia katika mtandao anaweza kutuma pembe za uongo. Ile ya 90-5 husaini ujumbe, na mpangilio wa GDOI hugawa funguo.

MzeeSCADA:
Marahaba binti. Handaki la VPN, yaani njia iliyosimbwa kati ya kituo na kituo, latosha kwa vituo 9.

Binti_Relei:
Handaki hulinda njia tu; mwovu aliye ndani ya kituo halimzuii. Basi tazameni pia STTP, yaani IEEE 2664 ya mwaka 2024, ambayo mpokeaji huchagua vipimo anavyovitaka.

Nguzo220:
Mnabishania njia, ilhali saa inayolinganisha vipimo vya vituo vyote hamjaigusa. Katika hezi 50, kosa la mikrosekunde 32 pekee linamaliza kosa lote la jumla linaloruhusiwa, yaani asilimia 1. Antena ya GPS ikifungwa vibaya, itifaki yoyote itawaletea pembe potofu.

Mhandisi_Gridi:
Saa nitaiandikia kifungu chake. Ila 90-5 hutuma kwa wapokeaji wengi kwa mpigo mmoja. Je, ruta za maikrowevu zitapitisha?

Binti_Relei:
Ni za toleo gani?

Mhandisi_Gridi:
Kesho nitakwenda kituoni kusoma kibandiko.