Mjadala: Ni haki mwanasumo mgeni aukane uraia wake ndipo aruhusiwe kufundisha?

Mleta mada

Wanajamvi, nawasalimu wote. Naleta hoja iliyonikaa rohoni tangu Ramadhani ya 2013.

Mwaka ule mwezi mtukufu uliangukia Julai, na Julai ndio wakati wa mashindano makubwa ya sumo, mieleka ya jadi ya Kijapani, mjini Nagoya, siku 15 mfululizo, katikati ya joto la Japani. Miongoni mwa waliopanda ulingoni alikuwepo kijana wa Kimisri, Abdelrahman Shaalan. Jina lake la ulingoni lilikuwa Osunaarashi, yaani Dhoruba Kuu ya Mchanga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupambana katika daraja lenye mshahara, na alikuwa amefunga. Mapambano ya daraja lake ni alasiri, saa ambayo mfungaji yeyote anajua mwili unavyokuwa. Hajala, hajanywa hata tone la maji, anakabana na watu wa kilo 150, na bado alimaliza akiwa ameshinda mara nyingi kuliko alivyoshindwa. Mwaka uliofuata, Nagoya tena, Ramadhani tena, aliwaangusha yokozuna wawili siku mbili mfululizo: leo Kakuryu, kesho yake Harumafuji. Yokozuna ndicho cheo cha juu kabisa cha sumo. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Kijana huyu alianza sumo ya ridhaa kwao Misri, akashiriki mashindano ya dunia ya vijana, na mwaka 2011, akiwa na miaka 19, akaenda Japani kutafuta sumo ya kulipwa. Kambi ya Otake, yaani nyumba ambamo wanasumo wanaishi na kufanya mazoezi, ikampokea. Akawa Mwafrika wa kwanza kuingia sumo ya kulipwa.

Sasa hoja yenyewe. Chama cha Sumo cha Japani kina kanuni mbili zinazomhusu kijana wa namna hii. Ya kwanza ni ya 2002: kila kambi iwe na mgeni mmoja tu. Mwaka 2010 wakaikaza zaidi, kwamba hata mgeni akichukua uraia wa Japani, nafasi yake bado inahesabiwa ya mgeni, kwa sababu kinachoangaliwa ni alikozaliwa. Kanuni ya pili inasema mwanasumo akistaafu na kutaka kubaki ndani ya chama kama mzee na mwalimu, lazima awe raia wa Japani. Na Japani haikubali uraia pacha kwa mtu mzima.

Ziweke pamoja uone. Ukiwa kijana unayetafuta nafasi, uraia wa Japani haukusaidii kitu, wewe ni mgeni tu. Ukistaafu, goti limekwisha, mgongo umekwisha, bila uraia huohuo huruhusiwi kumfundisha mtoto hata kunyanyua mguu. Hati ile ile haina uzito mlangoni, halafu inakuwa kila kitu siku ya kutoka. Msimamo wangu ni kwamba hii si haki, na kanuni ya uraia kwa walimu ifutwe. Karibuni.

Mchangiaji, Tanga

Mleta mada, nakuheshimu, ila sumo si mieleka ya kwenye televisheni. Ile ni ibada ya kale. Wanarusha chumvi kuusafisha ulingo, paa linaloning'inia juu yake ni mfano wa paa la hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Kijapani, na mwamuzi anavaa mavazi kama ya kuhani. Mzee wa sumo anarithi jina, anasimamia kambi, anaishi na vijana kama baba yao. Unataka kazi hiyo apewe mtu ambaye kesho anaweza kufunga virago akarudi kwao?

Halafu mbona husemi upande wa pili? Kuanzia Januari 2006 hadi Januari 2016 hakuna mtu aliyezaliwa Japani aliyetwaa ubingwa wa mashindano makubwa. Miaka kumi! Fikiria ngoma yako ya jando, miaka kumi manyakanga wote wametoka nje. Mngenyamaza? Sisi wenyewe kila msimu tunagombana kuhusu idadi ya wachezaji wa kigeni Simba na Yanga, na mpira wala si wa mababu zetu. Wajapani hawajafunga mlango. Wameweka kizingiti, nao wana haki ya kuweka kizingiti kwenye nyumba yao.

Mchangiaji, Eldoret

Mimi niko kati hapo, lakini naegemea upande wa ndugu wa Tanga. Huku kwetu tuliona kijana wetu Stephen Cherono akienda Qatar, akabadilisha uraia, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na Agosti 2003 kule Paris akamshinda Ezekiel Kemboi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Dhahabu ikaenda Qatar. Siku hiyo wazee hapa walinuna kana kwamba kuna msiba.

Lakini mimi nilijiuliza, je, hao wanaonuna ndio waliokuwa wakimnunulia viatu? Mtu mzima akipima maisha yake akaona pasipoti nyingine itawalisha watoto wake, huo ni uamuzi wake. Hakuna anayemshikia mtu panga Japani. Akitaka kufundisha, achukue uraia. Asipotaka, arudi nyumbani na heshima yake. Mleta mada unalia kwa niaba ya watu ambao hawajakutuma.

Mchangiaji, Unguja

Nafundisha watoto judo hapa Unguja, kwa hiyo naomba niongee kama mwalimu.

Ninyi mnabishana kuhusu mwisho wa safari, mimi naogopa mwanzo wake. Kila mwaka napata kijana mmoja ananiuliza, mwalimu, nikienda nje nitalipwa? Namwambia akae chini kwanza. Katika sumo wanaopata mshahara ni watu 70 tu: 42 wa daraja la juu na 28 wa daraja linalofuata. Wengine wote, na ni mamia, wanapewa posho, wanalala chumba kimoja, wanaamka alfajiri kufanya mazoezi kabla ya kula, wanapika, wanafagia, wanamsugua mgongo yule aliye mkubwa wao. Bingwa wa ridhaa aliyezoea kupigiwa makofi kwao anaanzia kwenye kufagia. Hilo halinisumbui, adabu ni sehemu ya mchezo. Kinachonisumbua ni kwamba anafagia peke yake. Kanuni ya mgeni mmoja maana yake ni hiyo. Katika nyumba nzima hakuna wa kuongea naye lugha ya mama yake, hakuna anayejua kwa nini hali nyama ya nguruwe, na kama amefunga hakuna wa kufuturu naye.

Mwaka 1992 kambi ya Oshima ilichukua vijana sita wa Mongolia kwa mpigo. Haikupita miezi mingi, watano wakatoroka wakakimbilia ubalozi wao. Hao walikuwa sita pamoja, na bado yaliwashinda! Baadhi walirudi wakavumilia. Basi mpeleke mmoja, mwenye miaka 18, peke yake, halafu nisikie mkisema ni kizingiti tu.

Mleta mada

Nimesoma yote, na nashukuru, hasa mwalimu wa Unguja. Umenifungulia mlango niliokuwa naupapasa gizani, naomba niingie nao.

Wale sita wa 1992. Mmoja wao ni Kyokushuzan, aliyedumu ulingoni miaka mingi. Mwaka 2000 akaletwa Japani mtoto wa miaka 15, mwembamba, kilo 62. Kambi zote zikamkataa. Baba yake alikuwa Jigjidiin Mönkhbat, aliyeshinda medali ya fedha ya mieleka Olimpiki ya Mexico 1968, lakini jina la baba halikusaidia. Imebaki kidogo tu arudishwe Mongolia, Kyokushuzan ndiye aliyehangaika kumwombea, na kambi ya Miyagino ikamchukua. Mtoto huyo ni Hakuho. Akawa yokozuna mwaka 2007, akatwaa mataji 45, hakuna aliyewahi kumfikia katika historia ya mchezo huo.

Ndugu wa Tanga, nakubali ni ibada, na kuhusu ile miaka kumi umesema kweli, iliwaumiza. Lakini angalia dawa waliyoikaza mwaka 2010, katikati ya miaka hiyo. Waliogopa wageni kushinda, wakawapunguzia wageni wenzao wa kuishi nao. Hilo halikumnyanyua Mjapani hata mmoja. Mjapani Kisenosato alipokuwa yokozuna mwaka 2017 ni kwa sababu alipambana na hao Wamongolia miaka nenda rudi mpaka akawaweza. Na ule mfano wa jando nimeufikiria sana. Kungwi tunamwamini kwa alichokijua na alichokipitia, si kwa kitambulisho. Yule Mmisri aliinama kwenye ulingo ule miaka sita. Alirusha chumvi ile ile.

Ndugu wa Eldoret, unasema hakuna anayemshikia mtu panga. Kweli. Ila Cherono alipewa uraia ili akimbie akiwa na nguvu zake zote, na alijua anauza nini na anapata nini. Mwanasumo anaombwa aukane uraia akiwa amekwisha kutoa mwili wake, umri umepita, hana kazi nyingine anayoijua. Huo uhuru wa kuchagua unaousema ni mwembamba mno. Hakuho alichukua uraia wa Japani mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya baba yake kufariki. Mtoto wa shujaa wa taifa! Na Juni 2025 akaondoka katika chama kabisa, baada ya kambi yake kufungwa kwa sababu mwanafunzi wake aliwapiga na kuwatesa wenzake. Usimamizi mbovu ulikuwa wake na adhabu aliistahili. Ila uraia aliouacha haurudi kwa sababu adhabu imekwisha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mbulgaria Kaloyan Mahlyanov, Kotooshu. Huyu alikuwa mpiga mieleka ya ridhaa hasa. Uzito wa juu wa mieleka ya Olimpiki uliposhushwa hadi kilo 120, mwili wake mkubwa ukamfungia njia, ndipo akageukia sumo mwaka 2002. Mei 2008 akawa Mzungu wa kwanza kutwaa ubingwa wa daraja la juu. Alichukua uraia Januari 2014, akastaafu Machi mwaka huohuo, sasa ana kambi yake, Naruto. Na mle ndani aliwahi kuingia Mbulgaria mwingine, Torakio. Mwalimu yupo, njia ipo. Kyokushuzan alimvuta Hakuho, Kotooshu alimvuta Torakio.

Sasa rudi kwa Osunaarashi. Mwanzoni mwa 2018 alipata ajali akiendesha gari bila leseni, na wanasumo walio kazini wamekatazwa kuendesha gari kabisa. Kosa lilikuwa lake, silitetei, na Machi aliondoka. Septemba alikuwa Saitama akipigana ngumi na mieleka mchanganyiko na Mmarekani Bob Sapp, akashindwa. Lakini hata asingekosea, hata angemaliza kwa sifa zote, angesimama mbele ya swali lile lile: uko tayari kuacha kuwa Mmisri? Akisema hapana, hakuna Mwafrika ndani ya chama wa kumwombea mtoto mwingine kama Kyokushuzan alivyoomba.

Mchangiaji, Tanga

Hapo kwa Kyokushuzan umenishika, kaka. Lakini alimwombea akiwa bado mwanasumo, si mzee wa chama. Kwa hiyo hoja yako ya uraia wa walimu haisimami juu ya mfano huo. Inayosimama ni ya mwalimu wa Unguja, ya mgeni mmoja.

Mleta mada

Ni kweli, na nakubali. Kama ningelazimika kufuta moja tu kati ya hizo mbili leo, umenifanya nianze kufikiria ya mgeni mmoja. Mwaka 2022 kijana wa Ukraine, Danylo Yavhusishyn, alikimbia vita akaenda Japani akiwa na miaka 18. Kambi ya Ajigawa ilikuwa imefunguliwa mwishoni mwa mwaka ule, kiti cha mgeni kiko wazi. Akaingia, akaitwa Aonishiki, na Novemba 2025 akatwaa ubingwa. Ningependa kusikia kutoka kwa wanaoitetea kanuni hiyo: kama kiti kile kingekuwa kimeshakaliwa, mngemwambia nini?