Ushauri: tunaenda Spruce Knob na Dolly Sods, milimani West Virginia, Marekani, mimea ya kule juu tuangalie nini?

Mkulima_Maryland: Habari wakuu. Mwisho wa mwezi wa tisa nawapeleka wanangu West Virginia. Nimeona picha za misprusi ya kule (miti jamii ya misonobari), matawi upande mmoja tu na imeota juu ya mawe matupu, sasa inakula nini pale? Na kuna cha kuchuma?

Kilele_Kwanza: Umechagua pazuri sana mkuu. Spruce Knob ina mita 1,482, ndo juu kabisa West Virginia nzima, upepo wa magharibi na barafu vinaua machipukizi ya upande ule ndo maana matawi yanabaki mashariki. Chakula ni kidogo kweli, mawe yale ni ya mchanga hayana chokaa, na majani ya misprusi yaliyo kama sindano yanaoza taratibu mno yanaacha tabaka jembamba jeusi lenye asidi, mizizi inatambaa humo humo na kwenye nyufa. Mimea mingi haiwezi, ila bluberi na hakelberi (vichaka vya matunda madogo), rododendroni na kalmia (vichaka vya maua) inapapenda, mizizi yake inaishi na kuvu wanaoichotea naitrojeni kwenye mboji hiyo.

Mama_Bustani: Bluberi msimu wake ni mwezi wa saba na wa nane, mtakuta majani mekundu, yanapendeza jamani! Kranberi, vitunda vyekundu vichachu, mnaweza kuzikuta kwenye vinamasi vya Dolly Sods. Kalmia ni sumu, watoto wasitafune hata jani.

Mchagga_Ughaibuni: Waambie watoto erika wa kule Kilimanjaro (vichaka vya mlimani) ni familia moja na hizo bluberi, nao wanapenda udongo wa asidi.

Mkulima_Maryland: Asanteni sana. Na ile laikeni ya kijivu kwenye mawe (kuvu na mwani wanaoishi pamoja), naweza kuchukua kipande nikaweke kwenye chupa nyumbani?

Kilele_Kwanza: Hapana mkuu, iache. Inakua milimita chache tu kwa mwaka, na ikikauka ukiikanyaga inasagika, kwa hiyo wafundishe watoto kukanyaga jiwe tupu. Kumbuka miaka ya mwanzo ya 1900 misitu ile ilikatwa karibu yote halafu moto ukaunguza mpaka mboji, sehemu nyingi likabaki jiwe. Hizo laikeni na ukoga ndo zinaanza kutengeneza udongo upya, inaniuma sana nikiona watu wanazibandua. Na Dolly Sods msitoke njiani, jeshi lilifanyia mazoezi ya mizinga pale 1943 na 1944, mabomu mengine bado yapo ardhini. Mkiona chuma chochote msiguse. Bebeni makoti mazito, baridi ya kule si ya Maryland.