Mume Mpolandi, tupo Uingereza: mtoto tumpe jina la Kipolandi la kweli au la kurahisishia watu?

MamaK_Pboro (mleta mada):
Wadau salaam. Mi ni Mtanga, mume wangu Mpolandi, tunaishi Peterborough, Mungu akijalia mwezi ujao tunapata binti. Ugomvi ni jina. Mume na mama yake wanataka Małgorzata, nyumbani aitwe Gosia, kwasababu ni jina la marehemu bibi yake. Ile L yenye mkwaju inasomwa kama W, halafu kuna "rz" katikati, yaani mimi mwenyewe nilijifunza kwa jasho, sa huyo mwalimu wa chekechea itakuwaje? Mi nataka Hanna, au Zofia, jina la Kipolandi kabisa lakini mtu wa hapa analisoma. Mume anasema hapo simtafutii mtoto jina, nawatafutia Waingereza raha. Swali langu: ni haki kumbebesha mtoto jina litakalovunjwa kila asubuhi wakiitwa mahudhurio?

chuma_cha_pua:
Dada acha uoga. Watu wanaoandika Leicester wakasoma "Lesta" ndo watashindwa Gosia? Weka Małgorzata wajifunze.

DadaReading:
Msimsikilize huyo chuma, yeye yuko Dodoma anakula kumbikumbi, mahudhurio hayamhusu. Mi nipo huku. Kuna ule utafiti wa Oxford, nadhani ulitoka 2019, walituma maombi ya kazi ya kutunga, sifa zile zile majina tofauti, wenye majina ya Kinaijeria na Kipakistani wakaitwa mara chache kuliko wenye majina ya Kiingereza. Wapolandi sikumbuki waliwekwa wapi kwenye ile orodha ila ujumbe umeupata. Hanna. Maliza kazi.

chuma_cha_pua:
Kumbikumbi zimeingiaje hapa? Na kwa taarifa yako ni tamu.

DadaReading:
Sijasema si tamu.

buda_Nakuru:
Mnajisumbua na jina na huyo mtoto atakuwa pointi faivu, nusu mzungu, wataangalia ngozi kabla wasome jina. Alafu hawa Wapolandi wenyewe walikuja Uingereza juzi 2004 na mabasi, EU ilipowafungulia, sai ndio wanatupangia majina? Sis, mzungu wako asikutishe.

MamaK_Pboro:
Kwanza mwanangu si pointi ya kitu chochote. Pili, "mzungu wako" ana jina, na kwa hapa mtaani ameshaambiwa arudi kwao mara nyingi kuliko mimi, hasa ile 2016 baada ya kura ya kutoka EU. Nimeuliza jina la mtoto, sikuuliza nimeolewa na nani.

buda_Nakuru:
Aki pole, si matusi, huku tunasema hivyo tu.

MwlUsaRiver:
Juzi 2004? Kijana, shule ulikwenda kula uji? Wapolandi walikuwa Uingereza tangu vita ya pili, marubani wao walipigania anga la London 1940, na 1947 bunge likapitisha sheria ya kuwapa makazi wale wasiotaka kurudi kwao kwenye ukomunisti. Na sisi huku Arusha tuliwaona kabla ya hao wote wa mabasi. Tengeru palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi kama elfu tano, wengi kina mama na watoto, walipelekwa Siberia na Stalin wakatoka kupitia Uajemi, kuanzia 1942. Makaburi yao yapo mpaka leo, pale kwenye chuo cha mifugo. Nenda kasome majina kwenye mawe, zile "sz" na "cz" zimejaa, na bibi yangu aliyekuwa akiwauzia ndizi aliwaita wote kwa majina yao vizuri tu.

Masindi_Boy:
Mwalimu usijimwambafai na Tengeru peke yake. Hata sisi Uganda walikuwa Masindi na Koja. Pale Nyabyeya, kwenye hiyo kambi ya Masindi, walijenga kanisa la matofali, liko, watu wanasali hadi leo. Nyinyi mna makaburi, sisi tuna kanisa.

MwlUsaRiver:
Tengeru ilikuwa kambi kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Hilo halina mjadala.

Masindi_Boy:
Kubwa ndiyo. Kanisa liko wapi?

mzee_wa_pwani:
Jamani dada anajifungua mwezi ujao.

buda_Nakuru:
Hio ya Tengeru sikuwa najua. Si ndio kuna dubu pia? Wanajeshi wao walimlea dubu.

Kimara_to_Edinburgh:
Wojtek! Walimpata Uajemi huko huko 1942, akabeba masanduku ya makombora vitani Monte Cassino, Italia, vita ilipokwisha akaja kuishi kwenye zuu ya hapa Edinburgh mpaka akafa 1963. Sanamu yake ipo Princes Street Gardens, napita nikienda kazini, watoto wa Kiskoti wanampanda mgongoni wanaita "Voitek, Voitek". Sa mleta mada, kama dubu katamkiwa jina lake, binti yako atashindikana?

DadaReading:
Dubu hakuwahi kuomba kazi benki.

Kimara_to_Edinburgh:
Alikuwa na cheo jeshini lakini.

shem_wa_Krakow:
Mimi niko kwenye ndoa kama yako, mke Mpolandi, tupo Southampton, naongea la maana kidogo. Nyie mmeng'ang'ania jina la kwanza, kazi ipo kwenye la ukoo. Tuseme mumeo ni Kowalski. Kwao binti ni Kowalska. Msajili wa hapa anaandika mtakachomwambia, mkinyamaza anamnakili baba. Sisi tulinyamaza, binti akawa -ski, sasa tukienda kwa wakwe kila shangazi anauliza kwani huyu ni mvulana. Ukiandika -ska nayo, uwanja wa ndege unaulizwa mbona jina la mtoto si la baba. Chagua lawama yako. Halafu hiyo Ł usiililie sana, ile mistari miwili ya chini kwenye pasi inajua A mpaka Z tu, itatoka L.

MamaK_Pboro:
Kaka hapo umenitoa jasho jipya. Hatujawahi hata kuligusa hilo. Na ningemuandika Gosia tu moja kwa moja, yaishe?

mama_wawili_Leeds:
Nasikia Poland hawasajili jina la kudeka, lazima lile refu.

shem_wa_Krakow:
Hiyo ni kwa anayesajiliwa kule kule. Cheti cha huku ukikipeleka wanakinakili kilivyo. Ila mama mkwe wako hatakinakili kilivyo. Kwao Gosia kwenye cheti ni kama kumsajili mtoto "Dogo". Na anataka jina lenye siku yake kwenye kalenda, ile sikukuu ya jina wengine wanaifanya kubwa kuliko ya kuzaliwa, anakuja na keki.

chuma_cha_pua:
Kwa hiyo anayezaa ni mama mkwe.

MamaK_Pboro:
Chuma tafadhali. Mama mkwe wangu alipanda basi kutoka kwao Lublin, Poland, mpaka hapa na ndoo ya kabichi chachu nilipokuwa natapika mimba ya kwanza iliyotoka. Usimguse.

chuma_cha_pua:
Samahani dada. Pole sana.

mama_wawili_Leeds:
Ila kweli hakuna aliyeuliza, jina la kwenu liko wapi? Mnagombania Kipolandi tu, mtoto nusu Mtanga. Na atasema Kiswahili au ndo shule ya Kipolandi ya Jumamosi basi?

mzee_wa_pwani:
Hilo ndilo swali lenyewe. Sisi kwetu mtoto wa kwanza wa kike mara nyingi jina linatoka upande wa baba, kwa hiyo kwa mila yako mwenyewe dada, huyo Mpolandi ana haki ya Małgorzata yake. La pili weka wewe.

DadaReading:
Mila ya nani? Kwetu Bukoba haiko hivyo.

mzee_wa_pwani:
Nimesema kwetu, binti.

DadaReading:
Na mi nimesema kwetu, mzee wangu.

MamaK_Pboro:
Nimemsomea mume haya yote akiwa anaosha vyombo. La dubu amecheka mpaka sahani imemponyoka. Kwa sasa amekubali Zofia, la pili Mwanaidi la mama yangu, -ska mwishoni. Tatizo kapiga simu Lublin, mama yake anasema Zofia ilikuwa jirani yao mmoja mchawi wa maneno, kwa hiyo haiwezekani. Tuna siku 42 za kuandikisha baada ya kuzaa.

Kimara_to_Edinburgh:
Shukuru hukuja kwetu Scotland, ni 21.

Masindi_Boy:
Mwalimu bado hajajibu kuhusu kanisa.