Halmashauri Kibondo au hospitali binafsi Dar: daktari nichague ipi?

Tabibu Mpya: Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza intani (mwaka wa mafunzo kazini), leseni ya Baraza la Madaktari ninayo. Wiki hii yamekuja mawili kwa mpigo: TAMISEMI, ofisi ya serikali za mitaa, wamenipangia Kibondo, Kigoma, na hospitali moja binafsi ya Dar wananipa mkataba wa mwaka. Mwisho wa kujibu Ijumaa. Waliopita huku na huku, daktari anaridhika wapi?

Mama Tausi: Mdogo wangu, mshahara wa Dar hujataja, wala zamu ngapi kwa wiki. Una familia? Unataka kusomea ubingwa? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Kaka Mganga: Nenda serikalini. Ukishathibitishwa kazini unaomba ruhusa ya masomo, ubingwa miaka 3, unarudi na nafasi yako ipo. Binafsi wengi wanaacha kazi kwanza ndipo wasome.

Zamu ya Usiku: Mimi nilikwenda wilayani na moyo kama wako. Usiku mmoja kaletwa mama, uchungu tangu asubuhi, mtoto kalala vibaya tumboni. Umeme umekatika, jenereta halina dizeli, mwenye ufunguo wa stoo hapokei simu. Mtaalamu wa usingizi wa upasuaji tulikuwa naye mmoja tu, kaenda msibani. Tukampakia kwenye gari la mizigo, kilomita zaidi ya 70 za vumbi. Mama alipona, mtoto hapana. Asubuhi ndugu wananisubiri mlangoni, na mkubwa wangu kaniandikia barua nijieleze. Mimi, si mwenye ufunguo. Mshahara haukunitoa pale. Kilichonitoa ni kujua la kufanya na kukosa cha kufanyia.

Tabibu Mpya: Pole sana dokta. Sina familia bado. Dar wanazidi kidogo mshahara, zamu hawajaandika kwenye mkataba.

Mama Tausi: Hawajaandika? Usisaini! Nilikaa binafsi miaka 4, kila mwisho wa mwezi naulizwa mbona vipimo nimeandika vichache. Mtu ana mafua, wanataka umpeleke picha ya kifua. Hilo linakula roho kuliko jenereta.

Zamu ya Usiku: Dada, kwa heshima, usilinganishe na mtoto aliyekufa.

Mama Tausi: Samahani, dokta. Nimekosea.

Daktari wa Kisumu: Sisi Kenya tuligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016. Mwaka 2024 tena siku 56, ugomvi mkubwa ukiwa malipo ya intani ya mkataba wetu na serikali wa 2017. Ninyi mnapangiwa kazi, shukuruni.

Kaka Mganga: Hata sisi tuligoma 2012. Na 2017 tulipotaka kuwaletea madaktari 500 mkakimbilia mahakamani, 258 wakaajiriwa hapahapa.

Daktari wa Kisumu: Wangekuja kuchukua nafasi huku kwetu kuna madaktari wasio na kazi, ndugu yangu. Ungekuwa wewe ungekubali?

Kaka Mganga: Wagonjwa wenu je, wangengoja?

Tabibu Mpya: Wakuu, Ijumaa ni keshokutwa. Kuna aliyeko Kibondo sasa hivi? Wataalamu wa usingizi wapo wangapi?